Wanataka nisaini kwamba nimeacha kazi kwa hiari

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, mama wa mtoto mmoja, naishi Mbagala. Nafanya kazi kiwandani, kitengo cha kufungasha, na huu ni mwaka wangu wa nne. Mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu. Ukiisha tunapanga foleni dirishani, tunasaini mwingine, tunarudi kwenye mashine siku hiyo hiyo. Miaka yote hii sijawahi kukaa nyumbani hata wiki moja katikati ya mkataba na mkataba.

Mwezi wa Novemba msimamizi wetu wa zamu alianza kunitumia meseji. Mwanzoni salamu, kisha "umependeza leo", kisha mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilikuwa najibu "asante bosi, usiku mwema", maana ukimkalia kimya kesho yake anakutafutia kosa. Januari nikamwambia wazi kwamba mimi ni mke wa mtu na aache. Wiki iliyofuata jina langu likahamia zamu ya usiku, saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wenzangu wanabadilishana kila baada ya wiki mbili, mimi nimeganda huko. Muda si mrefu nikajikuta nina ujauzito. Niliomba kiti, nikaambiwa kiti kinaleta usingizi. Basi nimegeuza kreti la soda, nalikalia akiwa mbali, nikisikia viatu vyake nasimama. Wiki mbili zilizopita ameandika tena: "Miguu inavimba? Dawa ya zamu ya mchana unaijua."

Jumanne iliyopita niliitwa ofisi ya utumishi. Dada wa pale kwa kweli ni mstaarabu, alinipa maji ya baridi, akaniuliza hali. Kisha akasukuma karatasi iliyokwisha kuchapwa: "Mimi ............ naacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu za kifamilia." Lililobaki ni jina na saini. Akasema nikisaini kabla ya tarehe 30 Juni napewa mishahara miwili taslimu, nikishajifungua nirudi, nafasi yangu ipo. Nisiposaini, mkataba unaisha 31 Julai, hawauongezi, natoka mikono mitupu. Nikaomba nikafikirie. Karatasi iko chini ya godoro.

Mume wangu ni bodaboda, pikipiki bado anailipia marejesho. Anasema nisaini, hela ya mkononi ndiyo hela. Habari za meseji hazijui. Simu yangu mtoto huchezea, na yeye mwenyewe huishika. Naogopa kuzifuta, naogopa na kuziacha.

Redioni kila siku tunasikia serikali na haki za mwanamke kazini, mara dawati la jinsia, mara kampeni. Shangazi, hizo haki zinaingilia mlango gani? Maana getini kwetu mimi namwona mlinzi tu. Kliniki wamenipa tarehe 20 Oktoba.

Mama Mtarajiwa, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Usisaini. Naliweka hili mbele kwa sababu najua unaweza kusoma barua hii ukiwa kwenye daladala, na simu ikazima chaji kabla hujafika mwisho. Ukipata neno moja tu kwangu, liwe hilo.

Sasa tukae.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa miaka kumi na moja kwenye meza ya chama cha wafanyakazi. Wanawake wenye karatasi kama yako nimewapokea wengi, na karibu wote walikuja na nakala iliyokwisha kusainiwa. Mmoja simsahau: alikuja na mtoto wa miezi minne mgongoni, anasema amerudi kazini kama walivyomwahidi, na mlinzi amemwambia jina halimo. Nikamwomba barua aliyopewa. Akanipa ile aliyoiandika yeye, "kwa hiari yangu", na dole gumba la wino chini yake. Nilihangaika naye, lakini mtu aliyeacha kazi mwenyewe hakuachishwa na mtu. Ndiyo maana karatasi yako imeletwa imeshachapwa. Ingekuwa wanaweza kukuondoa kwa sababu ya mimba wangekuandikia wao barua ya kukuachisha kazi. Hawaiandiki kwa sababu sheria inasema mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na dada mstaarabu wa ofisi ya utumishi analijua hilo kuliko mimi na wewe.

Umeniuliza haki zinaingilia mlango gani. Nakubali redio inasema mengi. Lakini nikwambie, kwa hali kama yako sheria yenyewe si mbaya. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ili mama aliyejifungua njiti aongezewe muda. Tatizo langu na serikali si uandishi wa sheria, ni kwamba maafisa kazi wa kuifuatilia ni wachache na viwanda ni vingi, kwa hiyo sheria inabaki kwenye kabati mpaka mtu kama wewe aitoe. Huo ni mzigo ambao mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano hakustahili kubebeshwa. Ila ndivyo ilivyo mwaka huu, na mwanao hasubiri waajiri maafisa wengine.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mumeo anataka hesabu. Siku 84 ni karibu mishahara mitatu. Hiyo ni haki yako tayari, hujaiomba kwa mtu. Wanakupa miwili ili usiwadai mitatu, na kazi uwaachie. Mwambie hivyo hivyo kwa maneno ya bodaboda: abiria anadaiwa elfu tatu, anakupa elfu mbili, na anataka umwachie na pikipiki. Halafu kuna kiinua mgongo, ambacho hulipwa anayeachishwa, si anayeacha. Na kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako kwa mwanachama mwenye michango ya kutosha lipo fao la uzazi. Miaka minne si michango midogo, ila nenda ukahakikishe kwamba walichokuwa wanakukata kilikuwa kinafika.

Hapo NSSF nakutuma kwa sababu nyingine pia. Hao wanaosainisha mikataba ya miezi mitatu mitatu mara nyingi hawampi mfanyakazi nakala. Taarifa yako ya michango itaonyesha mwezi baada ya mwezi, jina la mwajiri lile lile, bila pengo. Ukiongeza na meseji za mshahara kuingia kwenye simu au benki, hakuna atakayesema wewe ulikuwa kibarua wa kupita.

Hilo linatupeleka kwenye kitisho cha 31 Julai. Wanasema mkataba ukiisha umeisha. Si kweli kwa mtu wa hali yako. Sheria hiyo inasema mwajiri asipouhuisha mkataba wa muda maalumu, wakati mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi kutarajia kuhuishiwa, huko nako ni kuachisha kazi. Umehuishiwa miaka minne mfululizo bila kukosa. Kama huo si msingi wa kutarajia, sijui msingi ni nini. Na mtu akienda likizo ya uzazi kisha akazuiwa kurudi, hilo nalo sheria inalihesabu kuwa ameachishwa. Na likifika kwenye shauri, huo msingi wa kutarajia utauonyesha wewe, lakini ukishauonyesha, si wewe wa kuthibitisha kwamba umeonewa. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu halali.

Shauri hupelekwa wapi? Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wenyewe tunaita CMA. Fomu ni CMA F.1, unaijaza bila kulipia, na unaweza kusimama na mtu wa chama chako cha wafanyakazi. Lakini siku zina mwisho: malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa yafike ndani ya siku 30. Wakikugomea 31 Julai, mwisho wako ni 30 Agosti. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba msamaha wa kuchelewa na kutoa sababu za kutosha, na hapo ndipo wengi huishia. Nimeona watu wenye haki tupu wakirudishwa kwa sababu ya wiki mbili walizokuwa wanamsubiri "bosi arudi safari".

Sasa tarehe iliyo muhimu kuliko hizo zote. Anayetaka likizo ya uzazi anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Yako ni 20 Oktoba. Rudi nyuma miezi mitatu: 20 Julai. Ndiyo maana karatasi yao ina haraka ya 30 Juni. Sisemi wamekaa wakapanga hivyo, lakini ukiipeleka taarifa yako kabla hujasaini chochote, mezani kwao kutakuwa na barua inayosema wewe ni mjamzito na unataka kurudi kazini. Baada ya hapo hawatasema hawakujua.

Habari ya zamu ya usiku nisikudanganye. Wengi hudhani sheria inamtoa mjamzito usiku tangu siku ya kwanza. Haimtoi. Inakataza usiku kuanzia miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, kwako 20 Agosti, na miezi miwili baada ya kuzaa. Kabla ya hapo unahitaji cheti kinachosema hali yako hairuhusu kazi ya usiku, na mwajiri akikipata anatakiwa akuhamishie mchana, isipokuwa kama kweli haiwezekani. Basi ukienda kliniki usiseme tu "nachoka". Mwambie nesi na daktari ukweli wote: saa kumi za kusimama, usiku, kila siku tangu Januari, miguu inavimba. Waonyeshe miguu, wapime presha. Na hilo la kiti, sheria hairuhusu mjamzito apewe kazi yenye hatari kwake au kwa mtoto; mwombe daktari aandike "akae wakati wa kazi" humo humo kwenye cheti. Kreti lililogeuzwa mwanangu silo kiti. Na kwa kuwa umekuwa ukifanya usiku, kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Angalia slipu zako kama imo. Mara nyingi haimo.

Tumfikie huyo bwana.

Anachokufanyia si "usumbufu". Sheria ya kazi inahesabu unyanyasaji wa namna hiyo kuwa ni ubaguzi, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, inaufanya kuwa kosa la jinai, na inamtaja wazi mwenye madaraka mahali pa kazi. Tena hiyo meseji ya "dawa ya zamu ya mchana" ina jina lake: rushwa ya ngono. Imo katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mtu mwenye madaraka anaposhikilia kitu ambacho ni haki yako mpaka umpe mwili, amekula rushwa kama anayeomba laki tano. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kituo cha polisi kikubwa kina Dawati la Jinsia na Watoto, unaweza kumwomba askari wa kike. Haya ya jinai hayangoji mtoto azaliwe. Meseji ya mwisho ina wiki mbili, ipeleke ikiwa ya moto.

Usizifute. Zipige picha skrini zote, namba yake na tarehe zionekane, zitume kwa dada yako au mtu mwingine mmoja unayemwamini. Zako za "asante bosi, usiku mwema" ziache humo humo. Najua ndizo zinazokuogopesha, na wakili wao atazisoma kwa sauti. Lakini ataulizwa pia kuhusu ile ya Januari uliyomwambia aache, na ratiba ya zamu ya wiki iliyofuata. Tafuta mwenzako akupigie picha ratiba za ukutani tangu hapo, kabla hazijabanduliwa.

Na mumeo. Mwonyeshe wewe, kabla simu haijamwonyesha. Chagua saa ambayo hana njaa wala wateja, mtoto awe amelala. Anza na ya Januari, ile uliyomkatalia, kisha nenda nyuma. Ukianza na za Novemba atasoma "usiku mwema" na masikio yatazibika. Atakasirika, na pengine atataka kupanda pikipiki aende getini kumtafuta mtu. Mzuie kwa nguvu zote: akimgusa yule bwana, kesi itakuwa yake yeye, na yako itasahaulika. Mpe kazi ya kufanya. Awe shahidi wako siku ya kupeleka barua.

Chama cha wafanyakazi hukukitaja. Tazama slipu kama unakatwa ada. Ikiwa unakatwa, na tawi la hapo kiwandani limelala kitanda kimoja na uongozi (sisemi lako, nasema niliyoyaona), pita juu yake, nenda ofisi ya chama ya mkoa. Afisa kazi wa mkoa naye ana mamlaka ya kuingia kiwandani bila kutoa taarifa, kukagua kumbukumbu na kutoa amri ya maandishi. Ukihitaji mwanasheria bila malipo, hapo Dar es Salaam wapo chama cha wanasheria wanawake TAWLA, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake WLAC, na kituo cha sheria na haki za binadamu LHRC. Na hiyo kampeni uliyoisikia redioni bila shaka ni ile ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023. Wakifika wilayani kwenu, nenda na bahasha yako, maana kwenye viwanja vile watu wa mirathi na mashamba ni wengi, wa kazi ni wachache, utasikilizwa.

Siwezi kukuahidi kwamba hawatakukata 31 Julai. Wanaweza. Wapo wanaovunja sheria wakijua kabisa, wanapiga hesabu kwamba mama mwenye kichanga hatapata nauli ya kwenda CMA mara tano. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mwanamke mwenye barua yenye muhuri, cheti na taarifa ya NSSF huwa wanamwita pembeni kuzungumza naye. Wakikuita, sikiliza, usisaini, rudi nyumbani.

Ukirudi kazini baada ya likizo kuna jambo lingine wasilokutangazia: mama anayenyonyesha anaruhusiwa kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, jumla isizidi saa mbili kwa siku. Hilo tutaliandikia siku yake.

Karatasi yao itoe chini ya godoro kabla panya hawajaifikia. Ipige picha, kisha iweke kwenye bahasha pamoja na kadi ya kliniki. Usiichane. Imechapwa kabla hujasema neno, na hiyo ni ushahidi kwamba "hiari" ilitoka ofisini kwao.

Barua yako nimekuandikia, nakili kwa mkono, nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga, mumeo aandike jina lake na saa mliyoifikisha, kisha andika nakala ya tatu, itume kwa rejista ya posta na utunze risiti.

"Mimi (jina, namba ya kazi), wa kitengo cha kufungasha, natoa taarifa kwamba ni mjamzito na natarajia kujifungua tarehe 20 Oktoba, kama cheti nilichoambatanisha kinavyoonyesha. Naomba kuanza likizo ya uzazi yenye malipo tarehe 22 Septemba na kurudi kazini tarehe 15 Desemba. Kwa ushauri wa daktari naomba pia kuhamishiwa zamu ya mchana kuanzia sasa na kupatiwa kiti. Sijaomba kuacha kazi na sikusudii kuacha kazi."

Chini yake tarehe, saini, na uache nafasi ya vidole vitatu kwa ajili ya muhuri wao.

Shangazi